Uliniamkia, Nikaitikia

Morogoro Mjini
7 Juni 1992

Mpendwa Mjomba Alois,

Shikamoo. Mfikishie na mama Severin shikamoo yake, mwambie mdalasini alionipa umekwisha na wateja bado wanauulizia. Barua hii nawapa wanawake wa machenza wanaopanda Matombo kesho, wataiacha kwa Padre.

Huku tunaendelea. Leonard bado anakwenda kiwandani. Wanasema kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, na kila Ijumaa wanabandika ukutani majina ya wanaopunguzwa. Anakwenda kusoma, halafu anarudi nyumbani hasemi kitu, ndivyo ninavyojua jina lake halijatoka. Mama yake aliyekuja kutoka Njombe kwa ajili ya msiba hajaondoka. Jikoni anaingia yeye.

Bega lako je? Na macho, ulifanikiwa kushuka tena kwa daktari? Mistari ya barua yako ya Mei ilikuwa inateremka kama mtu anayeshuka mlima wa Kiroka.

Mimi nimerudi sokoni, meza ile ile ya matunda. Watu wananishangaa, wanasema Yuliana amepewa moyo. Tangu siku tuliyomzika mwanangu Hosiana sijalia, Mjomba, na wala sijizuii. Nikimfikiria ni kama aliyekufa ni mtoto wa jirani ambaye nilimzoea. Nafua, napanga machungwa, wenzangu wakicheka nacheka. Juzi nilitoa sufuria motoni kwa viganja vitupu nikaitua chini taratibu. Aliyepiga kelele ni mama mkwe. Malengelenge yalipotoka nikawa nayatazama, najiuliza mikono hii ni ya nani.

Nina jambo nataka unieleze, kwa kuwa wewe ulikuwa ndani ya lori lile. Watu wananiuliza nami sina jibu. Nakumbuka asubuhi ile ya tarehe tisa Aprili tulipopanda juu ya mzigo. Nakumbuka Hosiana amelala kwenye jamvi katikati ya mikungu ya ndizi, nami nimeweka mguu ili asibingirike. Nakumbuka umekaa upande wa pili umeshika kofia. Baada ya hapo nakumbuka niko Mkuyuni, nina kikombe cha chai mkononi na watu wamenizunguka. Katikati hapo sipaoni. Palitokea nini?

Ni mimi mpwa wako,
Yuliana

*

Parokia ya Matombo
21 Juni 1992

Mpwa wangu Yuliana,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na mama Severin, jibu nalilazimisha mwenyewe, hivyo nisamehe kwa mistari. Sote wazima. Mvua zimekwisha, karafuu za mwaka huu chache. Lori la chama cha ushirika limebaki pale ghalani, nyasi zimeota mpaka dirishani. Siku hizi biashara ni huru, kila mwenye gari bovu anapanda kuchukua ndizi, na watu wanapanda juu ya ndizi kwa sababu hakuna kingine. Nami niliwahi kukwambia utumie gari lile lililotuangusha. Hilo ninalo moyoni.

Bega linaunga. Usihangaike na macho yangu.

Ulilouliza ni fupi. Lori lilikosa breki kwenye mteremko kabla ya Mkuyuni, likalala ubavu kwenye majani. Tulikuwa watu kumi na wanne. Mtoto alifariki pale pale, hakuteseka. Wewe uligonga kichwa, ukaondoka kwa miguu hujui unakokwenda. Nilikuita, hukusikia. Hakuna kingine cha kutafuta humo, mwanangu. Watu wakikuuliza waambie wamuulize Mungu.

Upake mikono asali. Na ukipata nafasi ya kulia, lia.

Mjomba wako,
Alois

*

Morogoro Mjini
2 Agosti 1992

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mmevuna vizuri. Hapa mama mkwe anaumwa miguu, Leonard mzima. Jina bado halijabandikwa.

Mikono imepona. Nilitaka nisikwambie hili ninaloandika sasa, lakini nikisema nimwambie nani mwingine, simpati.

Jumanne ya juma lililopita nilikuwa mezani kwangu, mama mmoja ananiuliza nanasi. Namjibu, huku najiona. Nilikuwa juu kwenye bati la soko, Mjomba, namtazama Yuliana kutoka juu, naona kilemba chake na mikunjo ya kanga mgongoni, nasikia anavyobishana kuhusu nanasi. Sikuogopa. Palikuwa na ubaridi mzuri. Hili limekuwa likinitokea mara kwa mara tangu Mei, nikadhani ni usingizi.

Lakini siku hiyo sikushuka. Nilipozinduka nilikuwa kituo cha reli Ngerengere, nimesimama kwenye changarawe, jua limeegemea magharibi. Mkononi nina tiketi. Sikumbuki kuikata, sikumbuki treni. Askari wawili wa kambini walikuwa wanasubiri mzigo wao, mmoja akanisogelea.

"Dada, unakwenda wapi? Umesimama hapo tangu treni iondoke."

Nikajisikia namjibu, "Nampeleka mtoto kliniki."

Akatazama mgongoni kwangu. Kanga nilikuwa nimeifunga vizuri kabisa, fundo mbele, kama unavyombeba mtoto. Ndani hamna kitu.

Yule askari hakucheka. Alinifungua lile fundo pole pole, akaikunja kanga, akanipa mkononi. Alinikalisha kwa mke wa mkuu wa kituo mpaka treni ya kurudi. Nilifika nyumbani, Leonard akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema mzigo ulichelewa.

Mama mkwe anasema nina shetani. Mimi sijui nina nini. Nadhani kuna mahali ninakwenda, na kila nikienda inakuwa rahisi zaidi.

Yuliana

*

Matombo
19 Agosti 1992

Mwanangu Yuliana,

Marahaba. Tumeisoma barua yako mara tatu. Mama Severin amelia, ameweka nia misa ya Jumapili.

Njoo nyumbani. Leonard ni mume mwema, lakini kwenu ni huku. Wewe ni mtoto wa dada yangu, wa lukolo letu, ukoo wa tumbo moja, na shamba la migomba la marehemu mama yako halijaguswa na mtu. Chumba kipo. Hapa hakuna treni ya kukupeleka mahali usipopajua.

Kama hutaki kuja, nenda hospitali ya mkoa. Kuna chumba cha watu wa aina hiyo. Usione aibu. Si shetani. Nimewahi kuona watu wa namna hiyo nilipokuwa kazini, najua si shetani.

Usiendelee kutafuta mambo ya ile siku.

Alois

*

Morogoro Mjini
27 Septemba 1992

Mjomba Alois,

Shikamoo. Nasikia mama Severin ana homa, mpe pole.

Nilikwenda hospitali. Muuguzi wa kile chumba anaitwa Shakila, mtu wa hapa hapa mjini, mama wa makamo, anaongea kama anakutafutia kitu kilichopotea. Hakuniuliza kama nina wazimu. Aliniuliza nikienda kule juu kwenye bati nasikia nini. Nikamwambia sisikii kitu, ndiyo raha yake. Akasema, "Kuna siku mwili hauwezi kukimbia, basi akili inakimbia peke yake. Siku hiyo inakuokoa, la sivyo ungekufa kwa uchungu. Shida ni kwamba imeshaijua njia. Sasa inaondoka hata mtu akiangusha sahani." Amenifundisha nikianza kupaa nishike kitu, nikitaje jina kwa sauti. Kwa hiyo sasa wateja wananikuta naiambia ndimu kwamba ni ndimu.

Nikamuuliza, na kile nilichokisahau kitarudi? Akasema kitarudi kikiona kuna mahali pa kukaa.

Sasa sikia. Nasibu, yule utingo wa lori, amerudi kufanya kazi sokoni hapa, anapakua mizigo. Ijumaa ya juma lililopita alikuwa anazozana na mtu, yule mtu akamtukana kwamba gari lao liliua mtoto. Nasibu akajibu kwa sauti soko zima likasikia: "Hatukuua sisi! Mtoto alikuwa mzima, analia, mama yake akajitwika kikapu akaenda zake kunywa chai!"

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mama gani anamwacha mtoto chini ya mzigo analia, anakwenda kuagiza chai na maandazi? Umemtoa kafara mjukuu wangu. Mtoto mwenye jina langu! Umemtoa ili meza yako ijae watu."

Leonard alikuwa amekaa kitandani, viatu mkononi. Siku hiyo hiyo jina lake lilikuwa limebandikwa, hakuniambia yeye, nimeambiwa na mwenzake. Aliniuliza kitu kimoja tu, taratibu.

"Ulikula maandazi?"

Nikasema, "Sijui."

Afadhali ningesema ndiyo. Alivaa viatu, akamchukua mama yake, wamehamia kwa rafiki yake Kihonda. Siku tatu sikuwepo, Mjomba. Nilikuwa natembea na kuuza na kulala, lakini sikuwepo.

Wewe uliniandikia mtoto alifariki pale pale. Nasibu anasema alikuwa analia. Nani kati yenu anasema kweli?

Yuliana

*

Matombo
11 Oktoba 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama Severin amepata nafuu, ilikuwa malaria. Vuli imeanza kunyesha mapema huku juu, barabara imekatika mara mbili. Tumepanda pilipili manga mpya kule chini kwa kuwa wanunuzi wa siku hizi wanaipenda kuliko karafuu. Paroko mpya amefika, kijana, anahubiri kwa ufupi.

Nimesikitika kwa habari za Leonard. Apunguzwaye kazi hasira yake humwangukia aliye karibu. Atarudi.

Utingo ni mtu wa maneno. Siku ile alikuwa na hofu ya polisi.

Njoo Krismasi.

Alois

*

Morogoro Mjini
25 Oktoba 1992

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuuliza habari za pilipili manga.

Tangu mama alipofariki ni wewe uliyenilea, sijawahi kukusemesha hivi. Lakini naishi na mwanamke ambaye simjui, ameua au hakuua, na anatumia mikono yangu. Wewe peke yako ndiye unayemjua. Usiponiambia nitaacha kurudi kutoka kule ninakokwenda. Sikutishi. Naona tu itakavyokuwa.

Yuliana

*

Matombo
30 Novemba 1992

Yuliana,

Sina habari za nyumbani za kuanzia. Nitaanza na yenyewe.

Lori lilipolala, mimi nilitupwa kwenye majani. Niliposimama bega lilikuwa limetoka. Watu wanapiga mayowe, injini bado inanguruma, mikungu imemwagika mteremko mzima. Nikaona mguu wa mtoto umetokeza chini ya mikungu, hauchezi. Nikajua amekufa.

Hapo nikakuona wewe. Ulikuwa umeinuka upande wa pili, damu inakushuka kutoka kwenye nywele. Ulijifuta vumbi kwenye kanga. Ukaokota kikapu chako, ukakusanya machenza mawili matatu yaliyomwagika ukayarudisha ndani, ukajitwika. Ukaja kwenye njia, ukanipita karibu kama hapa na mlango. Ukapiga goti kidogo kama ulivyofundishwa na mama yako, ukasema:

"Shikamoo Mjomba."

Nami nikaitikia, "Marahaba."

Ukaenda zako.

Nataka ujue kwa nini niliitikia. Nilikuwa askari magereza miaka ishirini na mbili, gereza la mkoa wa mbali ambalo hata shangazi zako hawakulijua. Mahakama ikiamuru mtu achapwe viboko, lazima achapwe, na kwa miaka sita mchapaji nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ya mkono wangu. Mara ya kwanza nilitapika. Mara ya pili nikajikuta siko. Mkono unapanda na kushuka, bwana jela anahesabu, daktari kasimama, na mimi niko huku Matombo kwenye mdalasini wa baba, nabandua magome, nasikia harufu yake. Nikimaliza nakula nashiba. Wenzangu waliniita jiwe. Sikuwa jiwe. Sikuwepo.

Waliochapwa nao walikwenda. Alikuwepo kijana mmoja aliyeiba ng'ombe, tulipomfungua aligeuka akaniambia shikamoo afande, kwa adabu kabisa. Macho yake hayakuwa na mtu ndani. Macho yale ndiyo niliyoyaona kwako barabarani. Nikayatambua mara moja. Nikasema moyoni: amekwishatoka huyu, mtoto amekufa, mwache aende asije akaona. Ndiyo maana niliitikia.

Ulipokuwa unaikaribia kona, mtoto akalia.

Nasibu hakudanganya. Alikuwa hai. Kati yangu na wewe hazikuwepo hatua mia moja. Mimi ni mtu niliyekuwa naamrisha gwaride, sauti yangu ingekufikia ukiwa mara tatu ya hapo. Nilikuandikia kwamba nilikuita hukusikia. Si kweli. Sikukuita. Nilikutazama mpaka ukapotea kwenye kona.

Nimejiambia mengi tangu siku ile. Kwamba ni bega, kwamba nilikuwa nahangaika na mikungu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilidhani ukirudi ukamwona alivyoumia utaanguka ufe pale pale, nami nibaki na maiti mbili za damu ya dada yangu. Nikachagua kwa niaba yako. Sikuwa na haki hiyo.

Nilimtoa kwa mkono mmoja. Nasibu alikimbia kutafuta gari, wengine walikuwa na majeruhi wao. Gari halikuja. Aliishi saa nzima hivi, kwenye mapaja yangu. Alisema maneno kidogo. Hayo siyaandiki.

Kisha walipokuja kukusema vibaya nikanyamaza, kwa kuwa kumtaja mtoto kuwa alilia ni kutaja kuwa sikuita. Nimekuacha ubebe yako na yangu. Mwambie Leonard haya yote. Au mpe barua hii aisome.

Hukumwacha mtoto. Hukuwepo. Aliyekuwepo ni mimi.

Alois

*

Morogoro Mjini
14 Februari 1993

Mjomba Alois,

Shikamoo. Mwambie mama Severin salamu zake za Krismasi zilinifikia, na kwamba sikukataa kuja kwa sababu yake.

Barua yako ilifika tarehe tisa Desemba. Niliisoma nimesimama mezani. Nikaanza kuona bati linasogea, nikashika papai, nikalitaja jina. Nikaendelea kusoma. Nililitaja papai lile labda mara ishirini, lakini nilifika mwisho nikiwa ndani ya mwili wangu, miguu inauma. Ni mara ya kwanza.

Kisha nikakuchukia. Sitaficha. Nilikuchukia Krismasi yote na mwaka mpya. Kila nikioga naiona ile kona na wewe umefunga mdomo. Shakila akasema chuki nayo ni kuwepo, niiache ikae. Ndiyo maana sikuandika.

Mwezi wa kwanza katikati nilikuwa namuuzia mtu ndizi. Akanitaka nizifunge kwenye gazeti. Nikainama, na kilichokuwa kimefichwa kikaja, bila kelele, kama mtu anavyoingia ndani akakaa kwenye kiti. Nilikuwa natembea barabarani, kikapu kichwani. Nyuma yangu mtoto analia. Nilimsikia, Mjomba. Nilisikia vizuri. Nikasema moyoni, masikini mtoto wa watu, mama yake yuko wapi?

Nikaendelea kutembea.

Basi nililia. Nilikaa chini ya meza nikalia mpaka sauti ikakauka, ndizi zimetawanyika. Sikujua kama wanawake wenzangu wa sokoni wangefanya walivyofanya. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Walifunika meza zao kwa magunia, wakaleta mikeka, wakaitandika pale pale kati ya meza za matunda na za nazi, wakakaa nami tanga. Mchana ule, kesho yake, na kesho kutwa. Zuhura wa viazi, ambaye ni Mwislamu, alileta uji. Wateja walikuwa wanauliza kuna nini, wanaambiwa, "Tuna msiba. Mtoto wa Yuliana." Miezi tisa imepita na wanaambiwa hivyo kama vile amefariki asubuhi. Kwangu ndiyo alikuwa amefariki asubuhi.

Nasibu alikuja akasimama mbali, hakuthubutu. Nikamwita. Alisema, "Dada, mimi sikujua mtu anaweza kuondoka hivyo. Nilidhani ulituona." Nikamwambia akae.

Siku ya pili Leonard alitokea. Barua yako nilikuwa nimempelekea Desemba, hakujibu. Alikaa na wanaume upande wa nazi, hakuongea nami, hakunitazama. Lakini alikaa tangu saa tatu mpaka soko linafungwa, na alipoondoka alikuja kukunja mikeka. Anafanya vibarua vya kupakia saruji sasa. Mama yake amerudi Njombe, bado anasema yale yale. Leonard hajarudi nyumbani. Sijui kama atarudi. Nimeacha kuulizia.

Nakwenda bado. Si mara nyingi. Juzi nilipotea mchana mmoja, nikajikuta Bigwa, najua nilikotoka lakini si nilivyofika. Shakila anasema itakuwa hivyo muda mrefu, pengine siku zote kidogo.

Sikuandikii kukusamehe. Bado sijafika huko, na wewe si mtu wa kudanganywa. Nakuandikia kudai. Umesema mtoto alisema maneno na huyaandiki. Umekwisha kunichagulia mara moja. Nataka maneno yake, yote, kama yalivyo. Nitayasoma nikiwa nimekaa chini, Zuhura atakuwa pembeni.

Yuliana

*

Matombo
2 Machi 1993

Yuliana, mwanangu,

Marahaba. Mama Severin anasema anakungoja wakati wowote, hata usipotaka kuniona mimi. Nitahamia kwa mdogo wangu siku utakazokuja.

Barua yako ni ya haki. Nimekaa na kalamu siku tatu. Sikwenda popote katika siku hizo tatu, nimeshika meza kama unavyoshika papai. Haya ndiyo maneno.

Alipotoka chini ya mikungu alilia kama alivyozoea kulia akiamshwa. Nilimkalisha kwenye mapaja. Hakuwa na damu nyingi, aliumia ndani. Akaniita "Babu". Akaomba maji, nikamkamulia chenza mdomoni, akanyonya kidogo.

Kisha akatazama miguu yake. Kiatu kimoja kilikuwepo, cha pili hakipo. Akasema, "Kiatu."

Nikasema, "Kitapatikana."

Akasema tena, "Kiatu changu. Mama."

Nikamwambia, "Mama amekwenda kukichukua."

Akaniuliza, "Atarudi?"

Nikamwambia, "Yuko njiani."

Hakulia tena tangu hapo. Aligeuza kichwa akalala anatazama barabara, upande ule ulikokwenda, kama mtoto anayengoja mtu anayemjua. Mara mbili alinionyesha kwa kidole mtu anayepita akasema, "Mama huyo." Nikasema bado, huyo si yeye, mama anakuja. Alinikubali. Alikuwa anasinzia, anafumbua macho, anatazama barabara, anasinzia. Mara ya mwisho hakufumbua.

Hakujua kwamba umeondoka, Yuliana. Alijua umetumwa.

Mjomba wako,
Alois